Fisi Hana Idara

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: masomo ya uzamivu yanayochanganya wanyama, mazingira na jamii. Nimechagua nne. Kwa msionijua, nilianza kazi nikiwa daktari wa mifugo, baadaye nikasomea uzamivu mguu mmoja ukiwa kwenye kitivo cha mifugo na mwingine kwenye sosholojia. Siku hizi nasimamia vijana wanaopita njia hiyohiyo. Siwezi kuiponda, ila kuipamba nako hamtaniona.

*

*Shikamoo Daktari. Nina uzamili wa usimamizi wa wanyamapori. Nataka kusoma uzamivu kuhusu fisi na watu wanaoishi nao jirani: fisi wanakula nini, watu wanawaogopa kwa nini, na sheria inasema nini. Idara ya wanyamapori imeniambia hiyo ni sosholojia. Nimekwenda sosholojia, wakasema hiyo ni biolojia. Profesa mmoja akanimaliza kwa methali: mshika mawili moja humponyoka. Niache?*
*Niliyekwama kwenye korido*

Marahaba, mdogo wangu. Usiache. Ila huyo profesa naye usimnunie, maana hakukosea sana. Ulichowapelekea si swali bali mada tatu ulizozifunga kamba moja. Fisi anakula nini, hilo mwanaikolojia atalijibu. Watu wanamwogopa kwa nini, yupo mwanaanthropolojia. Sheria, yupo mwanasheria. Kila mmoja anaweza kumaliza kazi yake bila hata kumpigia mwenzake simu. Ukiandika tasnifu hivyo utapata sura tatu zisizosalimiana, na watahini watatu wa kukusulubu, kila mmoja kwa sura yake.

Utafiti mtambuka, yaani wa taaluma zaidi ya moja, unahalalika pale ambapo jibu la mmoja linaharibika mwenzake asipokuwepo. Kwa bahati nzuri, fisi wako wanao mfano mzuri sana. Kaskazini mwa Ethiopia, Gidey Yirga na wenzake walijiuliza fisi madoa wanafanya nini wakati wa Kwaresima. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la huko hufunga siku 55 kabla ya Pasaka: hawali nyama wala maziwa. Nyama isipochinjwa, mabaki hayatupwi, na fisi wa maeneo hayo wanaishi kwa mabaki yanayotupwa na watu kuliko kwa swala.

Wakaokota mavi ya fisi kabla ya mfungo, wakati wa mfungo na baada yake. Kama hujawahi kufanya kazi hii, jiandae. Mavi ya fisi yakikauka huwa meupe kwa ajili ya mifupa anayotafuna. Unayalowesha, unayaosha, na kinachobaki ni nywele, kwa sababu nywele hazimeng'enywi. Unazichambua mojamoja chini ya hadubini, ukilinganisha magamba yake madogo na nywele za wanyama unaowajua: huyu mbuzi, huyu ng'ombe, huyu punda. Kabla ya mfungo, nywele za punda zilionekana katika kama asilimia 15 ya mavi. Wakati wa mfungo zikapanda hadi asilimia 33. Mfungo ulipokwisha zikashuka hadi 22. Fisi walipokosa makombo waligeukia punda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012.

Sasa fikiria mwanaikolojia asiye na kalenda ya kanisa mfukoni. Angeona punda wameongezeka kwenye mavi, akaenda kutafuta sababu kwenye mvua. Na mtu wa dini asiyegusa mavi angeandika sura nzuri kuhusu mfungo bila kujua kwamba usiku kuna punda wanaolipia. Swali lao lilikuwa moja, na lilihitaji vyote viwili.

Kwa hiyo rudi kwenye daftari lako. Jaribu kitu kama hiki: pale ambapo watu wamebadilisha namna ya kutupa mizoga, fisi wamebadilisha wanachokula, na je, hofu ya watu inafuata mashambulizi yenyewe au inafuata kitu kingine? Simaanishi ulichukue kama lilivyo. Angalia tu jinsi nusu ya kwanza isivyoweza kujibiwa bila watu, na nusu ya pili isivyoweza kujibiwa bila fisi. Sheria iache mlangoni kwa sasa. Itaingia yenyewe ikihitajika.

Kuhusu idara: chagua moja iwe nyumbani. Hili huwa linawakera wanafunzi wangu, wanaona nawarudisha walikotoka. Lakini shahada hutolewa na idara, watahini huteuliwa na idara, na ukimaliza utaomba kazi kwenye idara yenye jina linalojulikana. Sijawahi kuona tangazo la kazi linalotafuta "mtaalamu wa kila kitu kuhusu fisi". Wewe umetoka kwenye wanyamapori. Baki huko, tafuta msimamizi wa pili sosholojia, na uhakikishe una somo moja unaloweza kusimama na kulifundisha mwaka mzima bila kuazima mtu.

Halafu wakalishe wasimamizi hao wawili chumba kimoja mapema, kabla hujakusanya chochote. Msiongelee mada, maana mada wataipenda wote. Ongeleeni kipi kitahesabiwa kuwa ushahidi. Mimi sura yangu ya kwanza iliyokamilika ilirudi ikiwa na wino wa watu wawili. Ubavuni mwa jedwali moja, msimamizi wa mifugo ameandika: "Sampuli ngapi? Mbona hakuna kundi la kulinganisha?" Chini yake, kwa penseli, yule wa sosholojia: "Nani alikuambia haya, na kwa nini alikubali kukuambia wewe?" Wote wawili walikuwa na haki. Tatizo ni kwamba kila mmoja alidhani swali la mwenzake ni la adabu tu, na lake ndilo la kazi. Ilibidi tuandike ukurasa mmoja, tukasaini watatu: mahojiano yatapimwa kwa vigezo gani, vipimo vya damu kwa vigezo gani, nani anasoma sura ipi kwanza, na watahini watoke wapi. Ukurasa ule uliniokoa kuliko kitabu chochote cha mbinu za utafiti. Mwenzangu mmoja aliyekataa kuuandika, akisema wasimamizi wake ni marafiki, alipata watahini wawili waliobishana wao kwa wao huku yeye amesimama mbele na slaidi zake.

*

*Daktari, habari za kazi. Mimi ni mtu wa fasihi na anthropolojia. Msimamizi wangu anataka niandike juu ya wanyama kama watendaji, si kama mapambo ya hadithi za binadamu. Nakubaliana naye kabisa, lakini biolojia niliiacha sekondari na hesabu zinanitia jasho. Nijifunze takwimu? Na mnyama anahojiwaje?*
*Mwoga wa hesabu*

Nzuri, asante. Mnyama hahojiwi, anaangaliwa. Na kuangalia kuna nidhamu yake, ambayo watu wa upande wenu mnaidharau kidogo.

Niseme ugomvi wangu waziwazi. Nimesoma tasnifu nyingi zenye jina la tembo au nyani kwenye jalada, na ndani hakuna tembo wala nyani. Kuna watu wanaomzungumzia tembo, sera inayomtaja, shairi linalomsifu. Ni utafiti halali, basi useme kwamba ni utafiti wa maneno ya watu. Ukisema mnyama ni mtendaji, mimi msomaji nitageuza kurasa nikitafuta ametenda nini, saa ngapi, na nani alimwona.

Mwaka 1974 Jeanne Altmann, aliyeanzia kwenye hesabu kabla ya kuwa mtu wa nyani, alichapisha makala inayotumika hadi leo kuhusu namna ya kuchukua sampuli za tabia. Alionyesha kwamba ukiandika chochote kinachovutia jicho, daftari litajaa mapigano na kupandana, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kirahisi. Nyani aliyekaa kimya anapotea. Moja ya njia alizozieleza ni kuchagua mnyama mmoja, ukaweka muda, na ukaandika kila anachofanya mpaka muda uishe, hata kama ni kulala, kujikuna na kulala tena. Mwanaanthropolojia yeyote aliyewahi kukaa msibani au kwenye kikao akiandika nani kakaa wapi anaweza kujifunza hilo. Hesabu yake si kubwa. Kinachochosha ni uvumilivu.

Na ukitaka kuona mambo haya mawili yakikutana vizuri, soma kuhusu yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali ya porini. Katika hifadhi ya Niassa, Msumbiji, warina asali wa Kiyao humwita kwa mlio maalumu: mtetemo wa ulimi, *brrr*, unaomaliziwa na mguno, *hm*. Ukiwauliza wameutoa wapi, watakuambia wameupokea kwa baba zao. Mtafiti wa mahojiano angeishia hapo, akaandika sura kuhusu urithi wa maarifa, nasi tukampigia makofi.

Claire Spottiswoode na wenzake waliendelea mbele. Walitembea porini na warina asali huku kipaza sauti kikicheza mlio ule. Mara nyingine kikacheza maneno ya kawaida ya binadamu, mara nyingine sauti ya ndege mwingine. Kwa sauti nyingine, nafasi ya kupata ndege wa kuwaongoza ilikuwa kama asilimia 33. Kwa mlio wa Wayao ilifika 66. Nafasi ya safari kuishia kwenye nyuki ilipanda kutoka 16 hadi 54. Hiyo ilikuwa 2016. Miaka saba baadaye, yeye na Brian Wood wakafanya jambo linalonifurahisha zaidi: wakawapigia ndege wa Niassa miluzi ya Wahadzabe wa Tanzania, na ndege wa Wahadzabe mlio wa Wayao. Kila upande, ndege waliitikia mlio wa watu wao zaidi kuliko wa wageni: kwa Wahadzabe zaidi ya mara tatu, Niassa karibu mara mbili.

Tulia hapo kidogo. Ndege huyu hutaga kwenye viota vya ndege wengine na kuwaachia walee, kwa hiyo kinda hakui na wazazi wa kumfundisha. Hata hivyo anakuja kuijua lugha ya wanadamu wa eneo lake. Mila ya watu imekuwa sehemu ya mazingira ya ndege, na ndege naye ni sababu mojawapo ya mila hiyo kudumu, kwa kuwa mrina asali anayebuni mlio wake mwenyewe atarudi mikono mitupu. Huyo ndiye mnyama mtendaji. Kumbuka pia kwamba jaribio lisingewezekana kama mtu hangekaa kwanza na warina asali akajua mlio ni upi, unapigwa lini, na upi ni wa kumwita ndege na upi si wake.

Kwa hiyo, takwimu jifunze kiasi cha kuelewa kwa nini 33 kwenda 66 ni jambo kubwa, na kiasi cha kunusa mtu anapokudanganya kwa jedwali. Zaidi ya hapo tafuta mwenzako wa kushirikiana naye, umwekee jina lake kwenye makala. Nawe usikubali kugeuzwa mkalimani wa watu wa maabara. Jane Goodall alipokwenda Cambridge kwa uzamivu baada ya kuanza kazi Gombe mwaka 1960, aliambiwa kuwapa sokwe majina badala ya namba si sayansi. Aliyabakiza majina, akapata shahada yake 1966. Watu wa sayansi asilia wana mazoea yao kama sisi wote, na mengine yanafaa kuhojiwa na mtu aliyetoka nje. Hapo ndipo fasihi yako inapohitajika.

*

*Nitawahoji wafugaji na pia kuwafunga ng'ombe wao kola za GPS. Kibali cha maadili nikaombe kamati ya watu au ya wanyama?*
*Mwenye haraka*

Zote mbili, na anza leo, kwa sababu hazikutani siku moja na kila moja itakuuliza kwa nini mwenzake hajajibu. Ya wanyama itakupima kwa misingi mitatu ya Russell na Burch ya mwaka 1959: unaweza kufanya bila mnyama, unaweza kutumia wachache zaidi, unaweza kupunguza maumivu na usumbufu? Kwa kola, zungumzia uzito wake, ngozi chini ya mkanda, na nani ataivua betri ikiisha. Ya watu itauliza ridhaa na siri.

Lipo jambo ambalo huenda hakuna kamati itakayokuuliza, na ndilo linaloninyima usingizi kwa ajili yako. Mfugaji amekuambia kwa siri kwamba wakati wa ukame huingiza ng'ombe mahali pasiporuhusiwa. Jina lake umelificha. Lakini ramani ya kola unaichapisha, nukta kwa nukta, mpaka zizini kwake. Kamati moja imelinda maneno yake, nyingine imelinda shingo ya ng'ombe, na mtu amekamatwa kwa ramani yako. Amua mapema utaonyesha ramani kwa ukaribu gani, na uandike hivyo kwenye fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa. Hivyohivyo kwa mnyama adimu: jangili naye anasoma viambatisho.

*

*Daktari, mimi ni mzazi. Binti yangu amepata ufadhili wa miaka minne kusoma "uhusiano wa binadamu na tumbusi". Nimeuliza mara mbili nikidhani sikusikia vizuri. Je, hiyo ni kazi, au mtoto amepotea?*
*Mama mwenye wasiwasi*

Shikamoo mama. Hajapotea. Nikueleze kilichotokea Bara Hindi, kisha umsikilize tena.

Miaka ya 1990 tumbusi wa huko walianza kufa kwa wingi. Aina moja ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Wengi walishuku virusi. Waliowapasua walikuta viungo vya ndani vimepakwa unga mweupe kama chokaa. Huo ni uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa zikashindwa. Kikundi cha Lindsay Oaks, kilichofanya kazi Pakistan, hakikukaa maabara tu. Kiliwafuata madaktari wa mifugo na wauza dawa, kikauliza wanauza dawa gani inayoweza kuumiza figo. Jibu likawa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo hata wewe huenda umewahi kuimeza, iliyokuwa ikipewa ng'ombe. Tumbusi akila mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa karibu na kufa, anakufa naye. Hayo yalitangazwa 2004.

Wenye mamlaka wa India, Pakistan na Nepal waliizuia dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, ingawa kumaliza tatizo kulichukua zaidi ya amri. Chupa kubwa za sindano za binadamu ziliendelea kuingia mazizini mpaka India ilipoamuru, mwaka 2015, kwamba chupa ya binadamu isizidi dozi moja ya mililita 3. Ujanja huo wa mtaani haugunduliwi kwa kumpasua ndege. Unagunduliwa na mtu anayekaa na wenye mifugo akaelewa kwa nini ng'ombe anayechechemea lazima asimame kesho alime.

Na mizoga? India ina ng'ombe wengi wasiochinjwa, hufa kwa uzee. Tumbusi walikuwa wakisafisha. Walipoondoka mizoga ikabaki, mbwa wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikawa tishio zaidi. Waparsi wa Mumbai, wafuasi wa dini ya Zoroasta ambao kwa desturi huwaachia tumbusi miili ya marehemu wao, walijikuta hakuna ndege wa kuja. Mwaka 2024 wachumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walichapisha hesabu: walilinganisha wilaya zilizokuwa makazi mazuri ya tumbusi na zile ambazo hazikuwa, wakakadiria vifo vya ziada vya watu kama 500,000 kati ya 2000 na 2005.

Kwa hiyo mama, akikuambia anasoma uhusiano wa binadamu na tumbusi, ndilo jambo lenyewe. Kuhusu ajira, sitakudanganya: nafasi za kufundisha ni chache kila mahali, na kwa mtu wa taaluma mbili kamati za ajira husita. Lakini wizara za mifugo na afya, mashirika ya uhifadhi na wanaopambana na magonjwa yanayotoka kwa wanyama wanawatafuta watu wa aina yake, kwani wengi wa waliopo wanajua upande mmoja tu. Akija likizo, muulize mambo mawili: nani msimamizi wake wa pili, na lini walikaa wote watatu kwa mara ya mwisho. Akisitasita kwenye hilo la pili, mwambie aniandikie.